Picha za Wazungu kuhusu Afrika Kaskazini: utajuaje mchoraji aliona nini na alibuni nini?

Mwalimu_Mbale

Hamjambo wapenzi wa sanaa. Natayarisha somo la historia ya sanaa kwa Senior Five: vipindi viwili vya dakika 40 vilivyounganishwa, wanafunzi 45. Mada ni jinsi wachoraji wa Ulaya wa karne ya 19 walivyoichora Afrika Kaskazini, ule mtindo unaoitwa Umashariki: wanawake ndani ya harimu (sehemu ya nyumba ya wanawake peke yao), masoko ya watumwa, wapanda farasi, wazee wenye vilemba wamekaa kivulini.

Nimechagua picha tatu: La Grande Odalisque ya Ingres, Femmes d'Alger dans leur appartement (Wanawake wa Algiers chumbani mwao) ya Delacroix, na ile ya Gérôme ya mcheza nyoka. Projekta hakuna, kwa hiyo nitachapisha kwenye karatasi za A3 na kuzibandika ukutani.

Ninapokwama ni hapa. Ukiwaambia wanafunzi kwamba picha hizi ni uongo, watauliza uongo uko wapi, maana vigae, mazulia na nguo vinaonekana vya kweli kabisa. Ukiwaambia ni kazi nzuri ukaishia hapo, watatoka darasani wakiamini kwamba Algiers ilikuwa hivyo. Kuna njia ya kupima, kitu kwa kitu, mchoraji aliona nini na alibuni nini? Uchi nao mnaushughulikiaje shuleni? Na lazima atatokea mwanafunzi wa kuuliza: haya yanatuhusu nini sisi wa Uganda?

Turubai_Jinja

Mwalimu, kwanza mtoe Ingres kwenye orodha ya Afrika Kaskazini. Usimtupe, mweke kando kama kipimo. La Grande Odalisque aliichora Roma mwaka 1814 kwa oda ya Caroline Murat, malkia wa Napoli, na maisha yake yote hakukanyaga Uturuki wala Afrika. Kilemba, upepeo wa manyoya ya tausi, kiko cha maji: vyote ni mapambo ya kumzungushia mwanamke wa Kizungu aliyelala. Hata mwili wenyewe haukufuata kipimo. Wakosoaji wa Paris walilalamika kwamba amemwongezea pingili tatu za uti wa mgongo. Hiyo ni Mashariki iliyotengenezwa bila safari. Ukishaionyesha, Delacroix anapata maana, kwa sababu yeye alisafiri na tarehe zake zinajulikana.

Delacroix alishuka Tangier Januari 1832 pamoja na ujumbe wa Count de Mornay, aliyetumwa na Ufaransa kwa Sultani Moulay Abd al-Rahman wa Moroko. Ufaransa ilikuwa imeiteka Algiers Julai 1830 na ilitaka sultani asijiingize. Kwa hiyo toka siku ya kwanza mchoraji alikuwa ndani ya msafara wa siasa. Machi walipokelewa na sultani Meknes. Mwezi Juni, wakati wa kurudi, alipita Algiers akakaa siku tatu hivi. Siku tatu! Picha ambayo dunia imeichukua kama ushahidi wa maisha ya wanawake wa Algiers ilianzia kwenye siku hizo tatu, ikamaliziwa Paris mwaka 1834.

Sasa njia ya kupima. Chora ubaoni jedwali la safu tatu: ALIONA, ALIPEWA, ALIBUNI. Safu ya katikati ndiyo inayookoa somo. "Alipewa" ni kile alichosimuliwa, alichonakili kwa mtu mwingine, au kitu alichokinunua akakibeba nyumbani. Ukiwa na safu mbili tu, kweli na uongo, darasa litabishana mpaka kengele ilie bila kufika popote.

Chukua Femmes d'Alger. Chini ya ALIONA weka madaftari. Delacroix alikuwa anachora haraka kwa penseli, anaandika jina la rangi juu ya kila sehemu, kisha rangi ya maji anaipaka baadaye. Kwenye baadhi ya karatasi za Algiers aliandika hata majina ya wanawake waliokaa mbele yake. Ilipofika turubai, majina yamepotea, wamebaki "wanawake wa Algiers". Hili wanafunzi waliandike kwa kalamu nyekundu, maana ndiyo hatua ambayo mtu anageuzwa kuwa aina.

Chini ya ALIPEWA weka nguo na vyombo alivyosafirisha hadi Paris, ambavyo aliendelea kuvitumia miaka mingi. Chini ya ALIBUNI weka mpangilio: wanawake watatu wameketi, mtumishi mmoja anapita, mwanga mmoja unaingia kutoka juu kushoto na kuwaangukia kama jukwaani. Huo mkao ulitungwa Paris.

Makosa mawili hutokea karibu kila mara. La kwanza, wanafunzi wataona nguo zinafanana na za Kituruki na kuziweka ALIBUNI. Siyo. Algiers ilikuwa chini ya dola ya Osmani kwa karibu karne tatu mpaka 1830, kwa hiyo nguo ziko mahali pake. La pili, watadhani kila chumba cha Moroko alichochora ni cha Waislamu. Kule Moroko nyumba za Waislamu hazikumfungulia mlango wa wanawake. Aliyoyaona ya ndani kule Tangier mengi ni ya nyumba za Wayahudi, kupitia mkalimani wake Abraham Benchimol. Picha ya Noce juive au Maroc (Harusi ya Kiyahudi Moroko), iliyoko jumba la makumbusho la Louvre, Paris, inalisema hilo kwenye jina lake.

Angalia pia usichapishe picha isiyo yenyewe. Kuna Femmes d'Alger mbili. Ya 1834 iko Louvre, ina sentimita 180 kwa 229. Ya 1849 iko Musée Fabre, Montpellier. Ni ndogo, ina giza zaidi, na watu wamerudishwa nyuma. Ukichanganya maelezo ya moja na picha ya nyingine, jedwali zima linaharibika.

Kigae_Kampala

Naongezea kuhusu Gérôme, maana huyo ndiye mgumu kuliko wote. Delacroix brashi yake unaiona, kwa hiyo unakumbuka kuna mtu aliyechora. Gérôme alipaka rangi nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na kulainisha mpaka alama ya brashi ikafutika. Jicho linadhani linatazama dirishani. Wanafunzi wakisema "hii ni kama picha ya kamera", usiwakatalie. Waulize: nani ameondoa alama za mkono wake, na kwa nini?

Picha ya mcheza nyoka ni ya mwaka 1879 hivi, iko Clark Art Institute huko Williamstown, Marekani. Mvulana aliye uchi amesimama kwenye zulia, amejizungushia chatu, mgongo wake kwetu. Mzee anapuliza filimbi. Wanaume wenye silaha wamekaa chini, wameegemea ukuta wa vigae vya buluu.

Sasa wape kazi ya kuhesabu miji. Vigae vimefuata vya jumba la Topkapi, Istanbul. Sakafu ya mawe wataalamu wanaifananisha na ya msikiti wa Amr, Cairo. Mchezo wa nyoka ni wa Misri, na si wa kuchezewa mbele ya ukuta wa jumba la sultani. Silaha na nguo za watazamaji ni za makabila tofauti. Kila kipande, ukikitazama peke yake, ni sahihi. Mahali penyewe ndipo hapakuwahi kuwepo. Kwa hiyo jibu la swali lako, "uongo uko wapi", liko kwenye gundi. Vipande ni vya kweli, na kilichobuniwa ni kule kuunganishwa kwao.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wa Uganda waliopitia madrasa wanaweza kulifanya, na watazamaji wengi wa Paris hawakuliweza: kusoma ukuta. Mstari mkubwa wa juu umeandikwa kwa hati ya thuluthi, mtindo mmoja wa mwandiko wa Kiarabu, na wataalamu wameusoma kuwa ni aya ya 256 ya Surat al-Baqara, inayoanza kwa kusema hakuna kulazimishana katika dini. Iweke hiyo aya juu, halafu tazama kinachofanyika chini yake. Kwa mnunuzi wa Ulaya maandishi yale yalikuwa pambo tu. Mpe mwanafunzi anayejua Kiarabu nafasi asimame mbele na kuyafuata kwa kidole.

Picha hii ndiyo iliyowekwa kwenye jalada la kitabu cha Edward Said cha 1978 kuhusu Umashariki. Mwaka 1983 Linda Nochlin, mwanahistoria wa sanaa, aliichambua kwa kuuliza nini hakipo, na maswali yake yanafaa darasani kuliko nadharia ndefu. Historia haipo: watu wamekaa kana kwamba hakuna mwaka. Mzungu hayupo, ingawa macho yote yanayotazama ni yake. Kazi haipo: hakuna anayelima, anayejenga, anayepika. Na vigae vilivyovunjika vimechorwa kwa uangalifu mkubwa, ili ujumbe uingie kwamba watu hawa hawatunzi vitu vyao.

Hilo la Mzungu kutokuwepo unaweza kulithibitisha kwa Delacroix, na mimi naliona ndilo somo bora kuliko yote hapa. Alipoanza kutunga picha ya Sultani Moulay Abd al-Rahman, kwenye mchoro wa kwanza Mornay na ujumbe wake wamo. Picha kubwa ikatoka 1845, iko Toulouse: sultani juu ya farasi, mwavuli umeinuliwa, walinzi wamemzunguka, Mfaransa hata mmoja hayupo. Katikati ya hapo, Agosti 1844, Ufaransa na Moroko zilipigana vita vya Isly. Mkutano wa kidiplomasia haukuwa tena kitu cha kuonyeshwa, kwa hiyo wageni wakafutwa, na mtazamaji akabaki na sultani asiye na tarehe. Weka michoro hiyo miwili sambamba, dakika tano zinatosha.

Mto_Arua

Swali la "yatuhusu nini" lina jibu, na liko ndani ya picha zenyewe. Mtazameni mtu mweusi.

Kwenye Femmes d'Alger ya 1834 yuko upande wa kulia. Ndiye pekee aliyesimama. Ametupa mgongo, anageuza shingo kuwaangalia waliokaa. Uso wake tunauona nusu. Wenzake wamepewa vito, wamepewa mapumziko, mmoja wao anatutazama, na yeye amepewa kazi. Kiufundi anafanya mambo mawili: ngozi yake inaifanya ngozi ya wale watatu ionekane nyeupe zaidi, na mwili wake unafunga ukingo wa picha kama pazia. Wape wanafunzi karatasi nyeupe wamfunike kwa dakika moja, halafu wamfunue. Wataona jinsi picha inavyoinama kushoto akiondoka. Kisha waulize: huyu alitoka wapi? Watu weusi wengi katika nyumba za Algiers ya wakati ule walifika kwa misafara ya watumwa iliyovuka Sahara.

Halafu Le Marché d'esclaves (Soko la watumwa) ya Gérôme, 1866, nayo iko Clark. Usiwaambie wanafunzi kwamba soko la watumwa ni uzushi wa Wazungu. Biashara hiyo ilikuwepo, na ilifika kwetu. Patiko, kaskazini mwa Gulu, palikuwa kituo cha wafanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu kutoka upande wa Khartoum kabla Mwingereza Samuel Baker hajaingia na askari wa Misri mwaka 1872. Walioteremshwa kwa njia ya Nile walikuwa watu wa Sudan na wa huku juu. Sasa tazama Gérôme amemweka nani katikati: mwanamke wa ngozi nyeupe, uchi, mnunuzi anamchungulia meno. Weusi wako nyuma, pembeni. Mtazamaji wa Paris alitaka kumhurumia na kumtamani mwanamke anayefanana na wa kwao. Hapo ndipo upotoshaji ulipo: soko ni la kweli, lakini wauzwaji walio wengi wamesukumwa nyuma.

Na tarehe zisisahaulike. Ahmad Bey, mtawala wa Tunis, alipiga marufuku utumwa Januari 1846. Ufaransa ilikomesha utumwa katika makoloni yake 1848, miaka miwili baadaye. Picha ya Gérôme ilikuja miaka ishirini baada ya Tunis. Andika hizo tarehe tatu kwa mstari mmoja ubaoni, usiongeze neno.

Ukitaka mfano wa nyumbani kabisa, chukua kitabu cha safari cha mpelelezi Mwingereza Speke cha 1863. Michoro yake mingi ilitokana na ya mwenzake Grant, ikachorwa upya na mafundi wa Uingereza waliochonga mbao za kuchapia, watu ambao Buganda hawakuiona. Safu tatu za Turubai zinafanya kazi pale pale bila kubadilisha chochote.

Wino_na_Karatasi

Nigusie uchapaji, maana hapa watu hupoteza pesa.

Chukua faili kutoka tovuti ya jumba la makumbusho lenyewe, usichukue kwenye tovuti za mabango. Hizo za mabango huongeza wekundu na njano mpaka rangi ya ngozi inakuwa ya machungwa, na kwa somo hili rangi ya ngozi ni ushahidi. A3 ni sentimita 29.7 kwa 42. Picha ya Delacroix ikijaa urefu wa 29.7, upana wake unakuwa 37.8, kwa hiyo acha pembezoni nyeupe za sentimita mbili hivi kila upande. Mwambie fundi wa duka la uchapaji asibonyeze "jaza karatasi": mashine ama itavuta watu wanenepe ama itakata, na ikikata upande wa kulia, yule mtumishi anayezungumziwa hapo juu ndiye wa kwanza kupotea. Ya Gérôme ni 82 kwa 121, inakaa vizuri kwenye A3 ikiwa na upana kamili. Kwa ukutani, pikseli 2,500 kwa upana zinatosha. Chini ya 1,500 maandishi ya ukuta hayatasomeka.

Kuhusu uchi: usifiche kwa kibandiko cheusi, kinavuta macho zaidi. Kwa Gérôme kata kipande cha juu, vigae na maandishi na vichwa vya watazamaji, ukitumie kama picha ya kazi. Picha nzima ieleze kwa maneno, au ionyeshe kwa ukubwa wa kiganja baada ya kumwarifu mkuu wa masomo. Vigae peke yake vina kazi ya nusu saa.

Ukubwa nao hupotea kabisa kwenye A3. Toeni darasa nje. Mfaransa Horace Vernet alichora kutekwa kwa kambi ya Emir Abd el-Kader, kiongozi wa Algeria aliyepigana na Wafaransa, tukio la Mei 1843, kwenye turubai moja iliyoko Versailles yenye mita 4.89 kwenda juu na 21.39 kwa upana. Goli la mpira lina mita 7.32 kwa 2.44. Kwa hiyo ni magoli matatu kwa upana, mawili kwenda juu. Wapange wanafunzi kwenye mstari wa goli mara tatu, watajua mara moja kwamba kitu hicho hakikuchorwa kwa ajili ya sebule ya mtu. Ni tangazo la ushindi la serikali.

Mwalimu_Mbale

Asanteni sana, Mungu awabariki. Ingres namhamisha, na jedwali la safu tatu nimelichukua. Limebaki moja: je, hakuna Mzungu hata mmoja aliyekaa kule kwa muda na kuchora vizuri? Na wenyeji wenyewe walijibu nini? Sitaki wanafunzi wamalize wakidhani Waafrika wa Kaskazini walikaa kimya wakichorwa tu.

Turubai_Jinja

Wa kukaa ni Étienne Dinet. Alihamia Bou Saâda, ukingoni mwa jangwa la Algeria, akajifunza Kiarabu, akasilimu, akaitwa Nasreddine, akahiji 1929 na kufa mwishoni mwa mwaka huohuo. Amezikwa Bou Saâda na jumba la makumbusho la pale lina jina lake. Watoto wake wanacheka kwelikweli, wanaosali wanasali kama watu wanaojua wanachofanya. Hata hivyo aliendelea kuchora wasichana wa kabila la Ouled Naïl wakiwa uchi mtoni, kwa sababu ndizo zilizonunuliwa Paris. Muda mrefu ulimrekebishia macho, soko halikumwachia. Kwake safu ya ALIONA itajaa, na bado kuna la kuuliza.

Kigae_Kampala

Wenyeji walijibu, na majibu yao hayafanani. Mohammed Racim, mzaliwa wa Casbah, mji mkongwe wa Algiers, mwaka 1896, alichora jiji lake kabla ya Wafaransa kwa mtindo wa picha ndogo za vitabu vya kale vya Kiislamu, dhahabu na nakshi, meli bandarini, watu wana shughuli. Baya, mchoraji wa kike wa Algeria, alionyesha kazi zake Paris 1947 akiwa na miaka 16 hivi: wanawake wenye macho makubwa, ndege, samaki, ala za muziki, na mwanamume hayupo kabisa. Hakuna anayelala akisubiri kutazamwa.

Ila kwa somo lako mimi ningemaliza na Lalla Essaydi wa Moroko, anayetumia kamera. Anachukua mkao wa Ingres na wa Delacroix uleule, anawaweka wanawake waliovikwa kitambaa cheupe, kisha anaandika kwa hina juu ya kitambaa, juu ya ngozi ya mikono, miguu na uso, mpaka ukutani. Hati ya Kiarabu ilikuwa kazi ya wanaume, hina ni ya wanawake, na yeye amezifunga pamoja. Maandishi ni madogo sana na yamepandana, hivyo hata anayejua Kiarabu hayasomi yote. Anayo picha ya 2008 inayoitwa La Grande Odalisque. Mgongo uleule, shingo imegeuzwa vilevile, upepeo hakuna. Ibandike kando ya ile ya Ingres, kisha wape karatasi waijaze safu tatu, zamu hii wakianza na swali la nani ameshika kamera.